Ukitaka kuniuliza "dozi utamaliza lini", soma hii kwanza

Assalam aleikum wapendwa. Najua wengi mwanifuata hapa kwa sababu ya kofia ninazoshona, na kofia zipo, kuna moja ya kiua naimalizia ntawawekea picha inshallah. Lakini leo nataka kuongea jambo jengine manake nshachoka kulijibu kipande kipande barazani.

Juzi nlienda Langoni, hapa hapa Lamu, kununua uzi. Wakati wa kurudi nikapita kwa mama mmoja anauza viazi karai, tunaheshimiana sana, akanishika mkono akanitizama usoni kisha akasema kwa sauti, "Mwanangu mashallah rangi imerudi, dozi ushamaliza?" Wazee walokaa barazani wote wakageuka. Nikamwambia bado kidogo mama, niombee. Nikaenda zangu. Njia nzima nikawa najisuta manake nlidanganya, hakuna cha bado kidogo, dawa ninayokunywa mimi haina mwisho, hakuna daktari alowahi kunipa tarehe, na huo mwaka wa kwanza hata mimi mwenyewe kila nikienda kliniki nlikuwa nikiwauliza swali hilo hilo.

Ugonjwa wangu unaitwa LAM. Jina lake refu ni limfanjioleiomayomatosisi, hilo nimelitaja leo na silitaji tena. Ni ugonjwa wa mapafu, karibu wote unaowashika ni wanawake, tena wengi ni wa umri wa kuzaa. Kuna chembe zinafanana na chembe za misuli laini, zinaota mahali hazitakiwi, zinajazana ndani ya mapafu, na taratibu pafu linaanza kuwa na vitundu vyenye kuta nyembamba. Vitundu vikizidi pumzi inapungua. Sio TB, sio saratani ya sigara (mimi hata shisha sijawahi kuigusa), hauambukizi, ukinywea kikombe changu hupati kitu.

Na ni nadra kweli. Hesabu inayotajwa sana ni wanawake kama watano katika kila wanawake milioni moja. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 kaunti yetu nzima ya Lamu, wake kwa waume na watoto ndani. Sasa piga hesabu wewe. Kuanzia Kiunga mpaka Witu hatukutakiwa kuwa hata na mgonjwa mmoja, nikapatikana mimi. Mume wangu alisema kama bahati yenyewe ndo hii basi tungecheza bahati nasibu.

Nirudi nyuma kidogo. Mwanzo ilikuwa ngazi. Nyumba yetu ni ya kale, ngazi ndefu zile za mawe, nlikuwa nazipanda na ndoo ya maji kichwani nikiwa msichana, halafu nikafika mahali napanda mkono mtupu nasimama katikati najifanya natengeneza mtandio kumbe natafuta pumzi. Nikaenda kituo kimoja cha afya, nikaambiwa pumu, nikapewa dawa ya kuvuta. Ikasaidia kidogo kisha haikusaidia. Nikaenda kwengine wakanipiga eksirei, makohozi yalipimwa hayakuonyesha kitu lakini picha haikuwapendeza, wakasema tuanze dawa za TB. Silaumu sana, hapa kwetu kifua ni TB mpaka ijulikane sio. Nikanywa miezi sita kamili, mkojo rangi ya chungwa, siku hata moja sikukosa. Nyumbani kikombe changu kikatengwa, kikawekwa pale dirishani peke yake, kile cha bluu chenye ufa. Nlipomaliza mamangu alipika biriani. Watu wakaja kunipa hongera.

Na pumzi ikawa vilevile.

Naelewa basi watu walitoa wapi hilo neno la dozi. Walishaniona nikimaliza moja. TB ina mwisho alhamdulillah, na kama unakohoa wiki mbili nenda ukapimwe usinisome mimi, lakini kwa watu wangu ugonjwa wa kifua ni ule wa miezi sita, baada ya hapo ni biriani.

Kilichofichua mambo ni pafu kupasuka. Nlikuwa nainama kuokota mkasi, wallahi mkasi tu, nikasikia kitu kama kamba imekatika upande wa kulia, halafu maumivu ya kuchoma mpaka begani. Nikadhani gesi. Bibi yangu akanipa maji ya tangawizi. Kufika magharibi siwezi kumaliza sentensi. Tukaenda, daktari kijana akasikiza kifua, akasikiza tena, akapiga picha, akasema hewa imetoka ndani ya pafu imekaa kati ya pafu na mbavu, pafu limesinyaa, lazima atie mrija sasa hivi. Akautia. Sitawasimulia hiyo sehemu.

Nataka kuwasimulia chupa. Ule mrija unatoka ubavuni unaingia kwenye chupa ina maji chini, ncha imezama majini, ukipumua hewa ilokwama inatoka blup blup na haiwezi kurudi ndani. Sharti lake ni kwamba chupa ikae chini ya kifua wakati wote, ukiinyanyua juu maji yanaweza kukurudia kifuani. Sasa kulipopambazuka ikaamuliwa niende Mombasa, na mtu wa Lamu akienda popote lazima apande boti. Kuna walosema tukodi ndege ya Manda, daktari akakataa, hewa ilokwama hutanuka ukipaa juu. Basi tukaenda gatini, maji yamekupwa, boti iko chini kabisa, ngazi zimeota mwani zinateleza. Mume wangu ni nahodha, watu wa Mokowe, ng'ambo ya bara, wanamjua, ameteremsha abiria gati ile maelfu. Siku hiyo alitangulia yeye, anashuka kinyumenyume, chupa ameikumbatia kwa mikono miwili usawa wa magoti yangu, kila ngazi anasema "bado moja, bado moja" na mimi macho yangu yako kwenye yale mapovu tu. Ndani ya boti aliiweka kati ya miguu yake akamwachia mwengine usukani. Ile njia ya kwenda Mokowe ni dakika chache, mie niliona kama tunakwenda Pemba.

Kisha ambulansi, Witu, Garsen, Malindi, Mombasa. Huko ndo nikapigwa picha ya CT na daktari wa kifua akanionyesha kwenye kompyuta. Mimi nimeshona kofia tangu nina miaka kumi na mbili. Kofia ya vito unaitoboa tundu ndogo ndogo, kila tundu unaizungushia uzi, mamia kwa mamia. Nikaitizama ile picha nikasema, "Daktari, hiyo ni kofia." Akacheka, halafu akanyamaza, akasema mama, hapo palitakiwa pasiwe na tundu hata moja.

Akapima na figo kwa altrasaundi, akakuta uvimbe mdogo wenye mafuta. Huo uvimbe ukiwa pamoja na hivyo vitundu ndo ulohakikisha LAM bila ya kunipasua kuchukua kipande cha pafu. Wengine hupimwa damu, kitu kinaitwa VEGF-D, ikifika 800 na zaidi pamoja na picha kama yangu basi wanajua. Nayasema haya kwa dada yeyote anaambiwa aende akakatwe pafu kwanza, uliza kama kuna njia nyepesi kabla ya kisu.

Sasa matibabu, ndo nlotaka kuandika tangu mwanzo nikazungukazunguka.

Kwanza, siku hizo hizo za chupa nliulizwa nataka pafu ligandishwe au niachwe hivyo. Kugandisha ni kwamba wanatia unga wa talki au wanakwaruza kwa upasuaji ili pafu lishikane na ukuta wa kifua, ikitokea limetoboka tena lisiporomoke. Nikasema si nlishapona, mrija si unatolewa? Daktari akanieleza kwamba kwa wagonjwa wa LAM zaidi ya 70 katika kila 100 walopasuka mara moja hupasuka tena, kwa hivyo mwongozo wa wataalamu unashauri ugandishe mara ya kwanza usingoje ya pili. Ubaya wake ni kwamba ikija siku ukahitaji kupandikizwa pafu, mpasuaji atapata kazi kulibandua, lakini sio kwamba mlango umefungwa. Mtu anakaa Nairobi barabara tatu kutoka hospitali anaweza kufikiria. Mimi nlifikiria ngazi za gati wakati wa maji kupwa. Nikagandisha, na nakwambia inauma, siku mbili nlimuonea huruma hata alokuwa akinipangusia jasho.

Halafu dawa yenyewe. Inaitwa sirolimasi. Kidonge kimoja kwa siku au viwili, inategemea damu yako inasema nini. Na hii ina kisa chake, kinanifurahisha mimi kama mtu wa kisiwa. Mwaka wa 1964 kulikuwa na msafara kutoka Kanada ulienda kisiwa cha Rapa Nui, kile cha masanamu makubwa ya mawe katikati ya bahari ya Pasifiki, wakachota udongo. Ndani ya udongo kukapatikana bakteria anatengeneza kitu kinachoua kuvu, wakakiita rapamaisini kwa jina la kisiwa. Mwanasayansi mmoja pale Montreal, Suren Sehgal, alikishughulikia miaka mingi, na kampuni ilipofunga ile maabara mwaka 1983 akachukua baadhi yake akaiweka kwenye friza ya nyumbani kwake mpaka kazi ilipoanza tena. Fikiria mke wake anatafuta nyama anakutana na hiyo. Baadae ikaja kutumika kwa watu walopandikizwa figo, Marekani waliiruhusu 1999, ili mwili usiikatae figo mpya. Ndo maana ukienda kuitafuta kwenye famasi za Mombasa au Nairobi wanakuuliza, "mama umebadilishwa figo?" Nshazoea, nasema ndio nikiwa na haraka.

LAM ilifikaje hapo? Kwenye zile chembe zetu kuna jeni imeharibika, TSC2 mara nyingi, ambayo kazi yake ilikuwa kama breki. Breki ikikatika chembe haziachi kuota. Sirolimasi inakanyaga breki upande wa pili. Haizing'oi, haizibi vitundu. Inazishika tu zisiendelee.

Na hapa naomba unisome polepole kwa sababu hili ndo jibu la swali la yule mama wa viazi. Mwaka 2011 ilitolewa utafiti unaitwa MILES, wanawake 89 wa Marekani, Kanada na Japani, 46 walipewa sirolimasi na 43 wakapewa kidonge kisicho na kitu, mwaka mzima, hakuna anaejua amepewa nini. Walokuwa na kidonge kitupu walipoteza kama mililita 12 za pumzi kila mwezi, ile pumzi unayoweza kuisukuma nje kwa sekunde moja. Walokunywa dawa hawakupoteza, walisimama pale pale. Halafu mwaka wa pili wakaachishwa dawa wote, wakaangaliwa. Na wale walokuwa wamesimama wakaanza tena kushuka kama wenzao.

Umeelewa? Hakuna kumaliza. Ukiacha, breki imeachiwa. Mwaka 2015 Marekani wakaiidhinisha rasmi kwa LAM, ndo dawa ya kwanza kuidhinishwa kwa huu ugonjwa, na kuna ndugu yake everolimasi ambayo madaktari hutumia pia hasa uvimbe wa figo ukiwa mkubwa. Sio kila mwenye LAM anaanzishwa papo hapo, kama pumzi yako iko sawa na haishuki wanaweza kukuangalia tu kwa vipimo. Mimi nlikuwa nashuka.

Yaani ilinichukua muda kukubali kunywa dawa ambayo faida yake ni kwamba hakuna kilichotokea. Ukinywa panadoli kichwa kinapoa, unajua imefanya kazi. Hii unakunywa miezi kumi na mbili halafu unaenda kupuliza ile mashine ya kupima pumzi, unapuliza mpaka unaona nyota na nesi anakupigia kelele "endelea endelea endelea", na kama namba ni ile ya mwaka jana mnafurahi. Namba yangu ya kwanza kabisa ilikuwa lita 1.71, kabla ya dawa kufika ikashuka 1.58. Tangu nianze ni 1.60, 1.61, 1.59. Nimeziandika kwenye kile kidaftari changu cha vipimo vya vichwa vya wateja.

Shida zake sasa, manake sitaki mtu aseme nimekuja kuuza dawa. Wiki za mwanzo mdomo ulikuwa vidonda vitupu, achari nikaiaga, hata hamri la moto lilikuwa linanichoma, nlikuwa nasukutua maji ya chumvi. Chunusi za kifuani kama binti wa sekondari. Kidonda kinachelewa kupona, na mimi kazi yangu ni sindano, nikijidunga kidole leo kesho kutwa bado kiko pale. Inapunguza kinga pia, kwa hivyo homa ndogo siipuuzi, na kuna chanjo za vijidudu hai ambazo sitakiwi kupigwa. Halafu mafuta ya damu yakapanda. Daktari wa Nairobi, kijana mzuri tu wa bara, akanambia mama punguza nazi. Mtu wa Lamu umwambie apunguze nazi! Nikamuuliza wali tutaupika na nini, akasema maji. Nlirudi nyumbani nikawaambia wakacheka mpaka bibi akashika ubavu. Sasa tui zito naonja Ijumaa tu na nna kidonge chengine cha mafuta juu yake.

Kuna kitu watu wengi hawakijui, balungi. Balungi na juisi yake hazitakiwi kabisa na sirolimasi, zinazuia dawa isivunjwe tumboni basi inajaa kwenye damu kupita kiasi. Na wifi yangu ana mbalungi uani, kila msimu ananiletea kikapu kwa mapenzi, napokea nagawa. Rifampisini nayo, ile ile dawa ya TB inayogeuza mkojo, yenyewe hufanya kinyume, inaishusha sirolimasi mpaka inakuwa kama hujanywa. Fikiria kama ningeanzishwa hii halafu mtu mwengine akanitia tena kwenye dawa za TB bila kuuliza. Kwa hivyo natembea na karatasi kwenye mkoba imeandikwa kila ninachokunywa. Bibi aliniletea kombe, aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani ikaoshwa kwa maji ya marashi, akanambia "Ndoo mwanangu, ndoo unwe," yaani njoo unywe. Nikanywa, na naona raha nikinywa. Mizizi ya kuchemsha lakini siku hizi naomba nionyeshwe kwanza, na kama mwenye kuuza hawezi kunambia ni nini naacha, hata akiwa jamaa.

Damu ndo kazi. Lazima wapime dawa iko kiasi gani, na wanataka damu itolewe kabla ya kidonge cha siku hiyo. Kwa hivyo siku ya kipimo naamka, sinywi dawa, natolewa damu, ndo nakunywa. Rahisi. Sasa ingia Ramadhani. Nlimuuliza daktari naweza kufunga, akasema pumzi yako inaruhusu ila ukichoka fungua, na kidonge kiwe wakati ule ule kila siku. Nikahamishia daku. Sasa nani atakutoa damu saa kumi usiku kabla ya daku? Tukakubaliana kipimo kingoje mpaka baada ya Idi. Mtu wa maabara alinambia wewe ndo wa kwanza kuniuliza hivyo, nikamwambia ndugu yangu mimi ni wa kwanza kwa mambo mengi.

Uzazi nauandika kwa ufupi kwa sababu unaniuma. Nna mwana mmoja. Dawa hii huruhusiwi kubeba mimba nayo, uiache wiki 12 kabla, na mimba yenyewe kwa LAM inaweza kupasua mapafu tena au kushusha pumzi. Wako walozaa salama, ni uamuzi wa mtu na daktari wake. Sisi tumeamua, na mama mkwe bado hajaambiwa yote. Vile vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni nliviacha, homoni hiyo inaaminika kuuchochea huu ugonjwa. Kuna dada mmoja wa bara tuliongea kwa simu, yeye miaka ya nyuma alipigwa sindano za projesteroni kama tiba ya LAM, na zamani kuna walotolewa mpaka ovari. Siku hizi mwongozo unasema tiba za homoni zisitumiwe, hazikuthibitika kusaidia. Ukiona bado unapewa hizo uliza kwa heshima, lakini uliza.

Kupandikizwa mapafu ndo ngazi ya mwisho. Watu wanaenda mpaka Chennai huko India, na nnajua kwamba LAM wakati mwengine huonekana tena hata kwenye pafu jipya. Sitaki kulifikiria na sio lazima nilifikirie mwaka huu. Dawa ya kuvuta nnayo, husaidia baadhi yetu njia zikibana. Oksijeni bado sijaihitaji.

Pesa mtaniuliza. Vidonge vya mwezi mmoja vinakula kofia zaidi ya nne za kazi nzuri, na kofia moja ya kiua mimi naichukua wiki tatu mpaka mwezi. Kwa hivyo kofia hazitoshi, ni boti, ni kakangu wa Malindi, ni wanawake wa darasa la Jumanne walochanga bila ya kunambia. Mwezi mmoja basi lilichelewa Garsen kwa mvua nikakaa siku tatu bila dawa. Tangu hapo naagiza mzigo kabla ule wa ndani haujafika nusu.

Mzigo wa mwezi huu umekuja jana. Unakuja kwa basi mpaka Mokowe, mume wangu anaupokea anauvusha, anaufunga kwenye mfuko wa plastiki mara mbili kama vile ni simu. Bibi alikuwa kaketi kitandani kwake anatizama nikifungua. Ana miaka themanini na kitu, hajasoma shule, na hajawahi kuniuliza habari za dozi hata siku moja, sijui kwa nini. Jana akauliza.

"Hivyo ndivyo vya mwisho?"

Nikamwambia la bibi, vitakuja vyengine, na baada ya hivyo vyengine.

Akatikisa kichwa, akaunyosha mkono nimpe boksi. Akainuka nalo polepole, akapita jikoni ambako mimi huwa naviweka, akaenda mpaka kwenye zidaka za ukutani chumba cha ndani ambako hakufiki jua wala moto. Akatoa birika lake la shaba alopewa alipoolewa, lile hata kulishika haturuhusiwi, akaliweka chini, akalitia boksi pale.

"Jikoni kuna joto," akasema. Kisha akaniuliza kama nimeshakunywa cha leo.